Kuhusu mizizi ya babu yako wa Mpwapwa

Mkuu, umeuliza kwa nini mizizi ambayo babu yako wa Mpwapwa huwachemshia wagonjwa wa tumbo haijawa kidonge mpaka leo. Mmea kuua bakteria maabara ni jambo la kawaida mno. Kazi ngumu ni kuitenga kemikali inayoua, kisha kuthibitisha haiharibu ini wala figo za mgonjwa. Mimea mingi huishia hapo.

Tazama dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati. Asili yake ni mmea uliotumika China tangu kale. Joto kali la kuuchemsha liliupotezea nguvu, hadi mtafiti wa China, Tu Youyou, aliposoma maandiko ya zamani yaliyosema uloweke na kukamua. Mwaka 1971 akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, kuitoa dawa bila joto kali, ikakubali. Tuzo ya Nobel akaipata 2015. Kwa hiyo andika yote anayofanya babu: anachimba masika au kiangazi, anachemsha muda gani, na mgonjwa yupi hampi kabisa.

Kata pia tawi lenye maua au matunda, likaushe katikati ya magazeti, uandike jina la Kigogo, mahali na tarehe. Bila hilo mtaalamu hawezi kujua ni mti gani hasa. Unaweza kuanzia Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili.

Ila nakusihi, kabla babu hajataja siri yake, pawe na makubaliano ya maandishi kuhusu haki yake. Elimu hiyo ni mali yake. Na asimalize mizizi ya mti mmoja. Kwa ukame wa Ugogo, mti ukifa hauoti upesi.