Umepata kazi Mpanda? Uliza kwanza utarudije

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinipigia simu saa nne usiku. Kapata kazi Mpanda, kule Katavi. Mtoto wa Tanga huyu, kazaliwa Ngamiani, kasoma hapa hapa, na mbali kuliko kote alikowahi kufika ni Dodoma, tena kwa ajili ya harusi. "Kaka, niende nisiende? Wanataka jibu Ijumaa." Nikamwomba anipe siku mbili. Swali hilo mimi niliwahi kulijibu kwa dakika tano, nikalilipia miaka mitatu.

Mwaka 2019 niliitwa Sumbawanga, kule Rukwa. Kampuni moja ya pembejeo ilikuwa inafungua ghala la mbolea na mbegu, ikataka mhasibu. Wakati huo nilikuwa nakaa kwa wazazi, mshahara 750,000, kwenye ofisi yenye wahasibu wanne na mimi ndiye kitinda mimba. Kazi yangu kubwa ilikuwa kubandika risiti na kupanga foleni benki. Barua ya ajira ilisema 1,100,000. Nilisaini chai ikiwa bado inafuka moshi.

Basi tuanze na hiyo nyongeza ya 350,000, maana ndiyo inayotutia upofu wengi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilichukua asilimia 10 yake. Halafu ikaja PAYE, kodi ya mshahara, ya wakati ule, ambayo ilikuwa inakata asilimia 30 kwa kila shilingi iliyovuka 720,000. Mkononi ikafika kama 220,000. Nyumbani nilikuwa silipi kodi wala sinunui unga. Sumbawanga nyumba niliyoipata ilikuwa 100,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja, yake. Hiyo ni 700,000 imeondoka kabla sijanunua godoro. Weka godoro, weka jiko na masufuria, weka nauli na mizigo. Mshahara wa kwanza unaingia, tayari kaka yangu ananidai.

Kwa hiyo mshahara ulioandikwa kwenye barua usikushangaze. Chukua daftari, andika kinachobaki mwisho wa mwezi hapo ulipo, halafu andika kitakachobaki huko, na mwaka wa kwanza wala usiuhesabie faida. Uliza pia kama kuna posho ya usumbufu, na kama mizigo yako wanaisafirisha wao. Mimi sikuuliza. Niliambiwa kwa mdomo kwamba nyumba ya kampuni ipo, nitaikuta. Nilipofika nilimkuta ndani yake mfanyakazi mwingine, na familia yake, na hakuwa na mpango wa kuhama.

Sifa ya mji, ya uchawi na radi za kutumwa, nayo ilinipotezea muda. Kila niliyemwambia naenda Sumbawanga aliniangalia kama mtu anayeaga. Shangazi alitaka nifukizwe ubani kabla ya safari. Wenyeji wenyewe wana utani wao: wanakwambia jina la mji maana yake ni "tupa uchawi", yaani wako uuache getini. Miaka mitatu niliyokaa, radi nilizoziona zilikuja na mvua yake na zikaondoka nayo. Vilivyonitesa havikuwemo kwenye hadithi ya mtu yeyote, navyo ni baridi na maji.

Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mimi niliingia mwezi Julai na mashati ya mikono mifupi na kikoi. Usiku wa tatu nikaona mambo gani haya. Nikawasha jiko la mkaa uani, likakolea vizuri, nikaliingiza chumbani, nikafunga dirisha, nikajifunika. Mama mwenye nyumba alikuwa ameniona nalipita nalo mlangoni. Alikuja kuugonga mlango kwa kiganja chote. "Baba, toa hilo jiko! Watu wanalala nalo hawaamki!" Hakunisubiri. Alilishika kwa upande wa kanga yake, akalitoa mpaka katikati ya uwanja, akasimama pale akinitazama kama mtoto aliyekutwa anachezea kisu. Asubuhi akaniletea blanketi zito, la kuazima, ambalo nililirudisha siku naondoka. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukushtua, na mtu wa pwani hajui, kwa sababu kwetu madirisha hayafungwi.

Maji ni kosa langu mwenyewe. Dalali alinionyesha nyumba Jumamosi mchana, akafungua bomba, maji yakamwagika kama mtoni. Kumbe huo mtaa ulikuwa na zamu, na zamu ilikuwa usiku wa manane, mara mbili kwa wiki. Nilishalipa miezi sita. Nikawa naamka saa nane usiku, kwenye baridi ile, kujaza madumu.

Siku hizi nikiulizwa nasema: ukifika, lala gesti. Siku saba, kumi, hata ikikuuma. Bei ya gesti siku kumi ni ndogo kuliko kodi ya miezi sita kwenye nyumba usiyoijua. Asubuhi kunywa chai kwa mama lishe aliye jirani na mtaa unaoutaka, muulize maji yanatoka siku gani. Muulize bodaboda kama masika anafika huko au anakushusha barabarani. Mwenye duka atakwambia kama kwenye nyumba ile mita ya umeme ya LUKU ni ya kila mpangaji au mnachangia na kugombana. Dalali na mwajiri usiwaulize mambo haya. Na kama una kadi ya bima, tafuta hospitali inayoipokea kabla hujaumwa.

Chakula nakipita haraka. Mama alinifungia mbuzi ya kukunia nazi, akaivalisha gazeti mara mbili, eti huko wasije wakanilisha mchuzi mkavu. Nazi zilikuwa zinafika zimechoka na safari, bei juu, na mara ya kwanza nilivunja tatu nikapata moja nzima. Nikaachana nazo, nikajifunza migebuka ya Ziwa Tanganyika na maharage yanayoiva laini kama siagi. Mbuzi yangu ikageuka kigoda cha mtoto wa jirani. Alikuwa anaikalia kwa nyuma, meno yakiwa yamefungwa kitambaa.

Watu? Watu ni watu. Ila kila sehemu ina swali lake la kukupimia, na ukilijua mapema unapumzika. Kule swali lilikuwa "Mwaka huu umelima?" Mkuu wa ghala kalima, mwalimu kalima, askari kalima. Mwaka wa kwanza nilijibu sijalima, mazungumzo yakaisha hapo. Mwaka wa pili nikakodi ekari moja ya mahindi nje kidogo ya mji, nikalima vibaya, nikavuna kiaibu, lakini kuanzia hapo nikawa na kitu cha kuzungumza na kila mtu, na palizi ya mwaka uliofuata majirani wawili walikuja bila kuitwa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Februari 2021, saa tano usiku, simu ya mjomba. Bibi amefariki. Bibi aliyenilea, ambaye jina lake la utani kwangu bado siwezi kulitamka mbele za watu. Kwetu maiti haikai. Akifa usiku, kesho yake anazikwa. Ndege niliyoijua ilikuwa ya uwanja wa Songwe kule Mbeya, mwendo wa kilomita kama 300, na sikuwa na hela ya tikiti ya papo kwa papo. Nikapanda basi la saa kumi na moja alfajiri. Laela, Tunduma, foleni ya malori ya Zambia, Mbeya. Kila nikipiga hesabu, hesabu inakataa.

Saa tisa na nusu alasiri basi lilikuwa Makambako, abiria wameshuka wananunua viazi. Mjomba akanipigia. Hakusema neno, aliishika tu simu juu. Nikasikia jeneza linatoka nyumbani, sauti za wanaume, "Laa ilaaha illallah", zikaja karibu, zikaenda mbali. Nilisimama nyuma ya basi, kwenye joto la injini, nimeweka kidole kwenye sikio la pili ili nisisikie wauza viazi. Wakati huo mabasi ya abiria yalikuwa bado hayaruhusiwi kukesha barabarani, tukalala njiani, na Tanga nilifika kesho yake alasiri. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshabadilika rangi.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia kapata kazi mbali, simuulizi ni kilomita ngapi. Namuuliza: simu ikija saa tano usiku, utafika saa ngapi? Ajibu kwa saa na kwa shilingi. Kama jibu ni "sitawahi", bado anaweza kwenda, wengi wanaenda na maisha yanaendelea. Lakini akae kwanza na wazazi wake, kabla ya kusaini, aseme neno lile gumu: nikiwa huko, msinisubiri. Mimi sikulisema. Mama alinitunzia nafasi kwenye mazishi mpaka dakika ya mwisho, wazee wakamgombeza, na lile bado liko kati yetu. Na hela ya nauli ya dharura iwekwe kwenye laini nyingine ya simu, usiyonunulia vocha wala soda.

Hiyo ni kurudi kwa msiba. Kuna kurudi kwingine, kwa mkataba unapoisha, na hapa watu wanaibiwa mchana kweupe kwa sababu hawasomi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, na kati ya maelezo hayo kuna mahali ulipoajiriwa, mbali na mahali pa kazi. Ni vitu viwili tofauti. Sheria hiyo hiyo inasema ajira ikisitishwa mahali pengine tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na vitu vyako mpaka ulipoajiriwa, au alipie usafiri huo, au akupe posho ya usafiri pamoja na ya kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Mimi usaili nilifanyiwa Tanga, barua nilipokelea Tanga. Ila mkataba wenyewe nilipewa nisaini siku niliyoripoti, na kwenye kile kimstari walikuwa wameandika Sumbawanga. Julai 2022 mkataba wa miaka mitatu ulipoisha bila kuongezwa, nikauliza habari ya mizigo. "Wewe umeajiriwa hapa hapa, bwana." Kabati na kitanda niliuza kwa bei ya kutupa. Neno moja kwenye fomu.

Na lingine la kuangalia: miezi sita ya mwanzo kazini, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki bado haijakufikia, na ndani ya mwezi wa kwanza notisi inaweza kuwa siku 7 tu. Sasa linganisha na ile kodi ya miezi sita uliyoombwa ulipe siku ya kwanza. Mwenye nyumba anataka uhakika ambao mwajiri wako hajakupa. Bembeleza miezi mitatu, hata kwa kuongeza kidogo.

Mtu anaweza kudhani najuta. Sijuti. Tanga nilikuwa wa nne kati ya wanne. Kule nilikuwa mhasibu peke yangu: stoo, mishahara, ritani za kodi za TRA, wakaguzi wakija wananikuta mimi na feni yangu isiyohitajika. Msimu wa mbolea nilikuwa nafunga hesabu saa sita usiku nimevaa koti na kofia ya sufi. Kazi niliyo nayo leo nimeipata kwa sababu ya ile miaka mitatu, na kwenye usaili waliniuliza habari za ghala tu, shahada hawakuigusa. Mji mdogo unampa kijana kazi ya mtu mzima. Ila hii ni kweli pale ambapo nafasi yenyewe ni kubwa. Kama unapelekwa mbali kwenda kubandika risiti zile zile, baki nyumbani ubandike unakula kwa mama.

Mwenye mwenza ana hesabu nyingine ambayo mimi, nilikuwa kapera, siwezi kumfanyia. Najua tu walimu wawili pale mtaani waliokuwa wanatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo ili wawafuate waume zao, na mmoja alitafuta muda wote niliokuwepo.

Mdogo wangu nilimwandikia maswali matano. Kazi yenyewe ni ipi siku hadi siku. Nani analipia mizigo kwenda. Kodi, wanasaidia au hawasaidii. Likizo ya siku 28, siku za njiani zimo humo humo? Na kwenye mstari wa mahali alipoajiriwa, wataandika Tanga? Nikamwambia pia awaombe aende kwanza akaone mji, kwa nauli yake, na mama mdogo, ambaye ana presha, aambiwe ukweli wote akiwa amekaa.

Ijumaa ilifika, wakamwongezea wiki moja. Maswali manne wameyajibu, tena vizuri, na kazi inaonekana ni kubwa kweli. La tano wamesema watalipeleka makao makuu. Juzi kanitumia picha ya begi jipya, jekundu, bado lina karatasi ya dukani. Nimemwambia alirudishe juu ya kabati mpaka makao makuu waandike.