Kiethiopia ndiyo lugha gani?

SWALI: Katika makala yangu niliandika kuwa Wolf Leslau, Myahudi mzaliwa wa Poland, alikuwa "bingwa wa Kiethiopia". Mhariri amefuta, akaweka "bingwa wa lugha za Kisemiti za Ethiopia". Je, huko si kurefusha maneno bure? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi. Hilo neno Kisemiti, jina la ukoo wa lugha wenye Kiarabu na Kiebrania, halina ubaya: linatokana na Shemu mwana wa Nuhu, na Mjerumani Schlözer ndiye aliyelibandika kwenye lugha mwaka 1781. Basi.

Kinachonikera ni hicho Kiethiopia. Ki- ikieleza namna, kama chakula cha Kiethiopia au muziki wa Kiethiopia, sina ugomvi nayo. Ila ukisema ni lugha, nitakuuliza ni ipi kati ya zile 80 na ushei zinazosemwa nchini humo? Kioromo, chenye wasemaji wengi kuliko zote, wala si cha Kisemiti. Ni cha Kikushi, ukoo mwingine wa lugha. Mwethiopia akikuambia anajifunza "Kitanzania", hutacheka? Na usikimbilie Kihabeshi, maana utata ni uleule.

Tena umemchagua mtu ambaye kazi yake yote inakukanusha. Leslau alisoma Paris chini ya Marcel Cohen, akafungwa kambini Ufaransa wakati wa vita, akafika Marekani 1942, na kuanzia 1955 akafundisha UCLA, Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles. Alifariki 2006 akiwa na miaka 100. Hiyo karne hakuimaliza kwa lugha moja. Ana kamusi ya Kiharari, kamusi linganishi ya Kige'ez, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia (1987), na kamusi ya Kigurage ya juzuu 3 (1979). Hicho Kigurage chenyewe ni kundi la lugha, nyingine wasemaji wake hawaelewani! Mwaka 1947 alikitafuta Kigafati karibu na Naili ya Buluu, na baada ya kuhangaika sana akapata wasemaji wanne tu. Kwa kalamu yako, wanne hao walikuwa wakisema "Kiethiopia", sawa na mamilioni wengine, na safari yake ilikuwa ya kazi gani?

Andika Kiamhara, Kiharari, Kigurage, Kigafati, Kige'ez. Ukitaka kuzijumlisha, fuata maneno ya mhariri, urefu wake haumuui mtu.

"Kiamharinya" nacho kitupe. Ile -inya ya mwishoni hufanya kazi ya ki- yetu, kwa hiyo umelivika neno kofia mbili. Najua utanikamata kwa Kitigrinya. Nakubali, kosa ni lilelile, ila hapo nasalimu amri: ukikata -inya unabakiwa na Kitigre, lugha nyingine kabisa ya Eritrea, ambayo Leslau aliiandikia sarufi yake mbali. Kitigrinya kiache na kofia zake zote mbili.