Mtoto anayeitwa Makato

Dada mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Dada, Januari nafungua daycare. Benki gani nzuri?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, nikanogewa mpaka uji wa watoto ukaungua. Bora niyaandike hapa.

Kituo changu cha kulea watoto nilikianza 2016, Kimara, Dar es Salaam, sebuleni kwangu, na watoto wanne. Ada ilikuwa inaingia kwenye namba yangu ya simu, ileile ninayotumiwa michango ya harusi. Ikiingia natoa, na nikishatoa sijui ilikuwa ya nini. Watoto wakafika 23, nami najiona mfanyabiashara.

2019 nikaenda benki kuomba mkopo wa choo cha watoto na uzio, maana watu wa Ustawi wa Jamii walishanipa muda. Afisa mikopo, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akafunua daftari langu la ada, akatabasamu. "Mama, kulea watoto nayo biashara? Hapa sioni mzunguko wowote." Pale sikulia. Nililia kwenye basi la mwendokasi, nimesimama, nimeshikilia bomba, Kariakoo mpaka Kimara.

Kwa hasira nikafuatilia TIN, ile namba ya mlipakodi, leseni na cheti cha jina la biashara cha BRELA, wale wanaosajili biashara, nikafungua akaunti ya biashara benki nyingine. Niliichagua kwa sababu tawi lilikuwa jirani na soko na lina kiyoyozi. Msicheke.

Siku moja nikaomba taarifa ya akaunti, nikakaa nayo na kalamu nyekundu. Nimetoa hela ya mkaa, makato. Ya maziwa, makato. Mishahara ya walezi watano, mmoja mmoja, makato mara tano. Ada ya akaunti ya kila mwezi. Hata karatasi niliyoishika nilikatwa. Jumla shilingi 61,400 kwa mwezi mmoja, na mtoto mmoja wakati ule alinilipa 120,000! Yaani kila miezi miwili nalea mtoto wa benki mwezi mzima, bure. Kituoni tukampa jina, Makato. Mpaka leo mlezi wangu mmoja hunitania, "Makato kashakula?"

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kuuliza benki, angalia hela yako inavyotembea. Yetu huingia kwa kishindo siku kumi za mwanzo wa mwezi, kisha inatoka kidogokidogo, na huko kwenye kidogokidogo ndiko tunakoliwa. Sasa natoa mara mbili tu kwa mwezi. Mkaa na unga wa lishe nanunua kwa jumla. Mishahara inatoka kwa mkupuo mmoja. Wazazi wanalipa kwa lipa namba iliyounganishwa na akaunti. Mmoja aliyeng'ang'ania kunitumia kwenye simu nilimrudishia hela yake, akanuna wiki mbili. Anune. Na kabla ya kusaini chochote omba orodha ya ada na makato, iliyoandikwa. Ya mdomo usisikilize. Nasema tena, usisikilize.

Desemba na Juni watoto hupungua, lakini mwenye nyumba kodi yake ya miezi sita anaitaka. Mimi huweka amana ya muda maalumu, yaani hela unayoifungia benki mpaka tarehe mliyokubaliana, inayoiva Novemba. Riba ni ndogo, na serikali inachukua asilimia 10 ya hiyo riba, ila raha yake ni kwamba harusi ikitokea siwezi kuigusa.

Halafu wanawake wenzangu, tuache kusema "ni kituo cha watoto tu." Ukijidharau mlangoni, ndani watakumalizia. Siku hizi nikifika benki naomba kuonana na meneja wa tawi, na ninakaa kwenye kiti chake cha wageni kama nilikinunua mimi.

Choo nilikijenga kwa kuungaunga. Mkopo wa uzio ulitoka mwezi uliopita. Walisoma miamala ya miezi 12, daftari hakuna aliyeliulizia. Uzio nimeupaka rangi ya njano, inaonekana mpaka Barabara ya Morogoro. Yule kijana sijui yuko wapi siku hizi. Akipita na mwendokasi, atauona.