Pima Mwendo Kabla ya Kuilaumu Injini

Mtu aliyeunda ndege yake mwenyewe, akiona haifikii mwendo aliotarajia, kwa kawaida huilaumu injini au propela. Ushauri wangu ni kwamba kipima mwendo ndicho kichunguzwe kwanza, kwa sababu nguvu inayohitajika katika safari hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Chukua ndege ya RV, ile ya kujiundia kwa vifaa vya kampuni ya Van's, yenye injini ya Lycoming ya nguvu za farasi 180, inayosafiri kilomita 300 kwa saa ikitumia farasi 135: kosa la kilomita 6 tu kwenye usomaji ni sawa na farasi 8 hivi, ambazo utazitafuta bure ndani ya silinda.

Mara nyingi chanzo ni vitundu vya ubavuni vinavyosoma kanieneo ya hewa tulivu, ambayo kipima mwendo huitegemea. Kwenye RV, kitundu hicho ni riveti ambayo kichwa chake kimechomoza kidogo. Wapo wajenzi wanaoibadilisha kwa kipande kilicholingana na bati ili ubavu upendeze, na usomaji huharibika, kwa kuwa kile kichwa ndicho kinachorekebisha mtiririko wa hewa pale pale penye tundu. Kiacheni.

Mimi hutegemea GPS. Alfajiri, hewa ikiwa imetulia, huiacha ndege ishike mwendo wake bila kugusa throtoli, kisha huruka pande tatu kwa kimo kilekile, kila upande kwa uelekeo mmoja, nikiandika kasi na njia iliyoonyeshwa. Ukizichora kama mishale kutoka nukta moja, ncha zote tatu hukaa kwenye duara ambalo nusukipenyo chake ndio mwendo halisi hewani, na kitovu chake huonyesha upepo. Kabla ya kuulinganisha na kipima mwendo, sahihisha usomaji wake kwa kimo na halijoto: uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko juu ya futi 5,500, na hapo pengo kati ya usomaji na mwendo halisi hupita asilimia 8.

Nguvu yenyewe naipima kwa mafuta. Kwa injini yenye mgandamizo wa 8.5 kwa 1, mchanganyiko ukipunguzwa mafuta hadi joto la ekzosi lipite kilele na kuanza kushuka, kila galoni ya Marekani kwa saa hutoa takriban farasi 14.9, galoni 8 ni farasi 119. Mchanganyiko ukiwa na mafuta mengi hesabu hiyo haifai, kwani ya ziada hutoka bila kuungua. Nacho kipima mafuta kilinganishwe kwanza na kiasi unachojaza pampuni, kwa matangi kadhaa.