Re: Honda CG 125 ya marehemu baba, injini imeganda

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Umeuliza uanze wapi na pikipiki ya CG 125 iliyokaa bandani Mikindani miaka kumi, kiki haishuki. Kwanza, usiilazimishe hiyo kiki! Pete za pistoni zimeshikwa na kutu, na hewa ya chumvi ya huko kwetu naijua. Fungua plagi, mimina oili nyepesi vijiko viwili vitatu, iache siku tatu. Kisha tia gia ya juu kabisa, tikisa tairi la nyuma taratibu mbele na nyuma. Ikigoma, ongeza oili, subiri tena. Yangu ilichukua wiki nzima, nami sikujuta kungoja.

Tangi ling'oe, toa bomba la mafuta, ziba tundu lake, jaza siki kutwa na kucha. Suuza kwa maji yenye magadi, likaushe juani papo hapo, la sivyo kutu hurudi jioni ileile. Kabureta ifungue yote, vijitundu vya jeti uvipulize, usivichokoe kwa waya mgumu. Platini (vigusano vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche) zipitishie msasa laini.

Habari njema: Honda waliitoa 1976 wakiwalenga watu wasio na fundi karibu, ndiyo maana valvu husukumwa kwa fimbo badala ya mnyororo. Wachina wamenakili injini hiyo sana, hivyo spea nyingi za ndani utazipata Mtwara mjini. Nenda na kipuri cha zamani mkononi, ulinganishe.

Rangi ya tangi, kama bado ipo, iache ya baba.