Port ya miaka 20: niifiche au niifungue?

SWALI: Kaka habari za kazi. Wifi yangu katoka Ureno kaniletea chupa ya Port, ile waini tamu ya huko, imeandikwa Tawny 20, nikaonja kidogo, tamu kama sirapu halafu inachoma koo. Inanywewa na nini? Na nikiificha kabatini miaka kumi hivi si ndo itazidi kunoga? Msomaji, Tanga.

JIBU: Dada, usiifiche! Tawny ni aina ya Port inayozeekea kwenye pipa, ikishaingia kwenye chupa ndo basi, haikui tena. Hiyo 20 maana yake wamechanganya waini za umri tofauti mpaka zikatoa ladha ya miaka 20, na ukigeuza lebo ya nyuma utakuta mwaka iliotiwa kwenye chupa. Ya kutunza ni Vintage, ile Port inayozeekea ndani ya chupa, hiyo habari nyingine kabisa.

Kuchoma kunatokana na pombe kali ya zabibu, wanaimwagia kabla hamira haijamaliza sukari, ndo maana utamu unabaki na kilevi kinafika kama asilimia 20. Sasa kwa joto la Tanga hicho kilevi ndo kinatangulia puani kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo iweke friji kwa muda wa saa mbili hivi, ikishuka nyuzi 12 mpaka 14 inatulia. Mimina kidogo tu kwenye glasi ndogo, iinamishe juu ya karatasi nyeupe, utaona wekundu umeisha imebaki rangi ya kaharabu. Nusa taratibu: karanga za kuchoma, ganda la chungwa lililokauka, tini, sukari guru. Kisha shika funda mdomoni, meza, toa pumzi kwa pua, hapo ndo utamu wake, unakaa muda mrefu kweli!

Chakula kisiizidi waini kwa sukari, maana ukila keki yenye aisingi halafu ukanywa, waini inageuka chachu na nyepesi, utasema umeibiwa. Wareno wanainywa na vitu vya lozi. Wewe chukua korosho za kukaanga zenye chumvi, mimi hapo sibadilishi kitu, au jibini ngumu iliyokomaa, au pudini ya karameli isiyokolea sukari. Kashata ya nazi hapana, inaimeza.

Na usiimalize siku moja, funga kizibo chake, isimamishe friji, mwezi mzima inakunywika vizuri.