Nyota mbele ya neno: kwa mnaoanza na Lucene

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule Mbozi hana haja ya kujua kwamba Lucene ni maktaba ya msimbo ya kutafuta maneno kwenye nyaraka. Ataandika "mkulima" kwenye programu uliyomtengenezea, kisha atauliza barua za "wakulima" zimekwenda wapi. Swali lake ni la haki, maana neno la Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni, na mwanzoni ndipo Lucene isipopenda kuona nyota.

Nyota (*) hushika herufi zozote, hata kama hakuna. Alama ya kuuliza hushika herufi moja kamili. Kwa hiyo ?kulima inampata mkulima na kuwaacha wakulima. *Kulima inawaleta wote, pamoja na kitenzi chenyewe, kulima.

Ila QueryParser ya kawaida, inayosoma anachoandika mtafutaji, itaikataa *kulima. Wengi huwasha setAllowLeadingWildcard, inayoruhusu nyota mbele, kosa likatoweka, wakadhani yamekwisha. Maneno ya faharasa, yaani orodha ambayo Lucene hutafutia, yamepangwa kwa mfuatano: parachi* inarukia moja kwa moja yanapoanzia, lakini nyota ikitangulia inabidi maneno yote ya sehemu ile (field) yapitiwe. Mafaili yakiwa machache hutaona tofauti. Yakiongezeka, kompyuta kuukuu ya ofisi itakuumbua. Tengeneza sehemu ya pili yenye maneno yaliyogeuzwa kwa ReverseStringFilter: mkulima awe amilukm, wakulima amilukaw, nawe utafute amiluk*. Faharasa itanenepa, na itabidi uijenge upya yote.

Msijaribu *lim* kwa uvivu. Kilimo kitakuja, kikifuatana na elimu, mwalimu, ulimi na Kilimanjaro.

Ukiunda WildcardQuery (utafutaji wa nyota) kwa mkono, bila QueryParser, neno halipiti kwenye analaiza, chombo kinachokata na kusawazisha maneno. Rungwe* italeta sifuri kwa sababu StandardAnalyzer ilihifadhi rungwe. Geuza herufi ziwe ndogo kwanza. Ndani ya alama za kunukuu nyota hutupwa kimyakimya: "bei ya maha*" inatafuta maha, basi. Hapo tumia ComplexPhraseQueryParser, inayokubali nyota ndani ya nukuu. Tena, kwa mpangilio wa kawaida, majibu ya nyota hupewa alama (score) sawa, kwa hiyo yapange kwa tarehe.

Halafu kuna ng'ombe, neno lisilokosekana kwenye nyaraka za maziwa. Word huweka kikato kilichopinda (’), kibodi hutoa kilichonyooka ('), na kwa Lucene hayo ni maneno mawili tofauti. Ng?ombe inayashika yote mawili, lakini aliyeandika ngombe bila kikato anabaki nje. Ng*ombe inawapata wote watatu, na kwa kuwa inaanza na herufi, haina gharama ya kutisha. Ukiunda WildcardQuery kwa mkono, andika ng*ombe kwa herufi ndogo.